Funguo za Karakana

Isihaka alikuwa amefika kifungu cha kumi na nne, akikinakili kwa penseli kwenye daftari, neno kwa neno, rula chini ya mstari. Ndivyo alivyojifundisha kusoma sheria katika miaka yake ya kupiga kopi na kuwaandikia watu barua mjini Kasulu: lisilopita mkononi halikai kichwani.

“Mzee Isihaka, hata Kurani husomi polepole hivi,” alisema Pelagia kutoka kwenye benchi.

“Kurani tumezoeana, mama. Huyu ndiyo kwanza tunasalimiana.”

Pelagia alicheka kidogo. Alikuwa ametoka Kibondo alfajiri na barua ya bodi inayosimamia mafundi wa viungo bandia. Yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa bodi hiyo. Agosti alihudhuria kikao, akalipwa ada ya ujumbe kama wenzake, akasaini. Sasa walimtaka aeleze, ndani ya siku saba, kwa nini jina lake lisifutwe kwenye orodha ya mafundi kwa kupokea ada isiyo haki yake. Siku ya tano ilikuwa inaisha. Akifutwa, hataruhusiwa tena kumpima mtu mguu, na kuanzia Kakonko mpaka Kitahana hapakuwa na fundi mwingine.

“Si ningeirudisha tu hiyo ada?”

“Barua haidai ada, mama. Inadai jina.”

Akasoma alichonakili kutoka kwenye sheria ya bodi. Mjumbe atalipwa ada kwa kila kikao, isipokuwa mjumbe aliye mtumishi wa umma.

“Ulistaafu lini serikalini?”

“Juni.”

“Na kikao Agosti!” Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akavuta karatasi safi, akaanza kuandika majibu. Mistari mitatu ilitoka bila kusita. “Tangu Juni ukawa unalima?”

“Kulima? Funguo za karakana angepokea nani? Mwenzangu wa kushika nafasi yangu hakuletwa. Ufunguo huuachi mezani ukaenda zako, unamkabidhi mtu mkononi. Nikangoja. Ofisini wakaniambia nisaini karatasi, nisionekane mvamizi.”

Kalamu ilisimama. “Karatasi gani?”

Aliifungua kutoka kwenye pindo la kitenge. Mkataba wa mwaka mmoja.

Isihaka alirudi kifungu cha tatu, penye maana za maneno, akakinakili nacho, polepole kuliko vyote. Mtumishi wa umma ni pamoja na aliyeajiriwa kwa mkataba. Akakisoma tena. Kisha akamgeuzia daftari.

Pelagia alisoma kwa kidole. “Lakini mimi nilikuwa nashika funguo tu.”

“Najua, mama. Sheria haina kifungu cha funguo.”

Nje, utingo wa basi la mwisho la Kibondo alikuwa akiita abiria.

“Bodi hawana karatasi hii,” alisema Pelagia, sauti imeshuka. “Tukinyamaza?”

Isihaka hakumlaumu. Aliutazama mkataba, akayatazama majibu aliyokuwa akiandika, yalipokatikia: *Wakati wa kikao hicho mimi nilikuwa*. Alitafuta neno la kufuata, la kweli na la kumwokoa, asilione.

“Kanuni za sheria hii bado sijazisoma. Kurasa kumi na moja.”

“Zitasema nini?”

“Sidhani kama zitasema kitu.” Akaiacha rula juu ya mstari, akafunga daftari. “Lala kwa dada yako. Kesho saa mbili tuendelee.”

Pelagia aliinuka. Funguo zililia mfukoni mwake, na basi likaondoka bila yeye.