Namba Saba Amejitoa

Mimi habari haikai tumboni. Chuoni waliniita Redio na nikaona sifa. Nilipopata ukarani kwenye kamati ya usalama ya Bunge, siku ya kwanza sijavua hata viatu, nyumba nzima ilishajua rangi ya zulia la ukumbini.

Kazi yenyewe ni hivi. Kile Kikosi Maalumu cha kukamata wahalifu kipo kwa sheria yenye tarehe ya kufa. Kila miaka mitatu Bunge linaamua kiongezewe muda au la, na kabla ya hapo kamati yetu inasikiliza watu waliokumbana nacho. Mashahidi hawatajwi majina, wanapewa namba. Orodha ya majina ilikaa kwenye droo yangu, ufunguo shingoni kwangu.

Sasa, naishi kwa dada yangu, na mume wake ni dereva wa kikosi hichohicho. Mcheshi kweli. Jumapili tunakula mchana, akaanza kunichokoza.

"Redio, mbona kimya? Betri imeisha?"

"Siri za serikali, shem."

"Aa, basi. Siku hizi tuna mheshimiwa ndani."

Dada akacheka, nikaona nitapasuka. Jina sikutaja, nilikula kiapo. Nilisema tu kesho kuna namba saba, huyo ni balaa: fundi cherehani, walimvunja mkono wakidhani ni mtu mwingine, sasa anashona kwa mkono mmoja, kitambaa anakibana kwa kidevu. Nikaigiza. Tulicheka wote watatu, mimi kuwazidi.

Shemeji ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Akainuka, akaenda kunawa.

Jumatatu saa mbili asubuhi fundi alikuwa mbele ya meza yangu, kwenye suti aliyojishonea.

"Binti, nimekuja kujitoa."

"Lakini baba, unaingia saa nne. Wanakusubiri."

"Jana jioni walipita dukani. Hawakunigusa. Wakasema, shikamoo namba saba. Wakaacha suruali nipunguze urefu, eti wataifuata kikao kikiisha." Akaniangalia. "Mlisema hatutajulikana. Nani kawaambia?"

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikafungua droo kutafuta fomu.

Fomu ina sehemu ya sababu. "Andika naumwa," akasema. Nikaandika. Akaweka dole gumba, maana mkono wa kuandikia ndio ule uliovunjwa. Hata wino nilimpanguza kwa karatasi, kama mtu mwema.

Saa nne mwenyekiti, mama mmoja asiyecheka ovyo, akasoma: namba saba amejitoa, anaumwa.

"Hawa walalamikaji," mjumbe mmoja akasema, "siku ya kusema ndiyo siku ya homa." Ukumbi ukacheka. Kicheko kilekile cha mezani kwetu.

Karani haongei kikaoni. Nilijikuta nimesimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, haumwi. Mimi jana nilimtaja nyumbani, mbele ya mtu wa kikosi. Jana hiyohiyo wakamfuata."

Mwenyekiti akasema, bila kunitazama, "Rudia, iingie kwenye kumbukumbu." Na kumbukumbu naandika mimi. Nikarudia, nikajiandika, neno kwa neno.

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza cha mtu mwingine. Shemeji kasimamishwa kazi, dada kanitolea begi langu nje, na hakunitukana, angenitukana ningepumua.

Kura ya kukiongezea kikosi muda imeahirishwa mwezi mmoja. Mwenyekiti akanituma mimi mwenyewe, kabla sijakabidhi ufunguo, nikamwambie fundi kwamba bado anaweza kuja kusema, na safari hii atalindwa.

Nilimkuta anafunga duka. Nikamweleza yote, la mezani pia, macho yangu chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo atakayenilinda," akauliza, "anaishi na nani?"