Jina la Kumi

"Maman Thérèse, ule muzee wako anaandikaka nini kila siku?" Précieuse, jirani wa ghorofa ya chini, alimuuliza siku moja kwenye ngazi. "Ao ni testament, karatasi ya urithi? Angalia wasikusahau."

Thérèse alicheka kidogo. Mzee Fintan, aliyekuwa akimhudumia ughaibuni, mtaa wa Ixelles, alikuwa mwaka wa sita akiandika habari za mji wa kwao Ireland, mji mdogo kando ya mto.

"Muji mudogo, na miaka sita haitoshi? Bon."

Lililobaki hakumwambia. Fintan akiwa mtoto, kivuko kilizama pale Jumapili moja. Jiwe la ukumbusho lina majina tisa, lakini waliokufa walikuwa kumi. Wa kumi alikuwa Brigid, mtumishi wa nyumbani kwao, aliyekuwa na mimba ya baba wa Fintan. Mzee aliyaandika hayo kwenye ukurasa mmoja, akampa Thérèse autunze kwa siri mpaka kitabu kitakapochapishwa.

Kosa lilikuwa la Thérèse mwenyewe. Siku ya kuwaombea marehemu, kama walivyozoea kwao Likasi, aliandika wafu wake kwenye karatasi, akaitia katika kikapu cha altare. Chini ya Kabamba, mume wake, akaongeza wale kumi wa mto. Mfu asiyetajwa ataombewa na nani? Hakufikiri kwamba Nuala, dada ya mzee, aliyefika juzi kuchukua kitabu akipeleke kuchapishwa, angekaa naye benchi moja. Padri alipotamka "Brigid Tuohy", Nuala aligeuka akamkazia macho.

Mchana akasimama mbele ya kiti cha kaka yake.

"Brigid hayumo katika kitabu ulichonipa. Mnanificha ukurasa gani? Wajukuu wa baba bado wanaishi pale mjini, Fintan. Wanauza mikate kwa watu wale wale."

"Tangu lini mkate unachacha kwa jina la mfu?" Lakini sauti ya mzee ilikuwa ndogo. Kisha akasema, "Mpe, Thérèse."

Thérèse akautoa ukurasa ndani ya Biblia yake. Nuala alikwisha kunyoosha mkono. Thérèse akampita.

"Papa Fintan, mgodi ulipomfunika bwana yangu, orodha ilisomwa mara mbili, jina lake halimo. Nilikuwa langoni na watoto watatu. Wakaniambia, maman, rudi nyumbani. Mimi simpi. Mpe wewe, kwa mkono wako."

Akauweka magotini pa mzee. Mzee aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akauinua polepole, akamnyooshea dada yake.

Thérèse akachukua koti na rozari yake, akatoka kwenda kumwombea Brigid.