Senti Iliyoipenda Sumaku

Jirani yangu Delbert Kuhlman aliacha kazi kwenye kiwanda cha achari Jumatatu asubuhi, na kabla ya kutoka akamwambia bosi wake ana sura ya tango lililochacha. Jeuri hiyo ilitokana na senti moja ya mwaka 1943 yenye rangi ya shaba, urithi wa babake. Mwaka ule wa vita shaba ilikwenda kwenye risasi, senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache zilitoka za shaba kwa makosa, na leo moja tu hununua nyumba.

Tukaenda mimi, yeye na mkewe Lorna kwa Bibi Wanda, mnunuzi wa sarafu. Wanda akatoa sumaku drooni.

"Ya nini hiyo?" Delbert akafoka.

"Matapeli huchovya chuma kwenye shaba, bwana. Sumaku haishiki shaba."

"Mama, usinipotezee muda! Senti hii imening'inia kwenye sumaku ya friji yangu tangu tumzike baba, bila gundi, na haijadhurika hata chembe!"

Lorna akafumba macho. Wanda akairudisha sumaku drooni taratibu, kama anayefunika maiti.

"Bila gundi," akarudia.

"Hata mlango ukibamizwa haidondoki!" Delbert akasema, kifua mbele.

Lorna akamkabidhi simu. "Mpigie bosi wako, mume wangu. Anza na lile la tango."