Watu wa Ndani ya Sanduku

Mwalimu Laurenti hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mimi nina mdomo, na mtu akinisikiliza mpaka mwisho atadhani namsingizia. Alikuwa kijana msafi, mpole, aliyelelewa misheni ya Lutindi tangu mchanga, anajua Biblia, anajua hesabu, anapiga na kinanda. Kitu kimoja tu hakukijua: watu ambao alikuja kuwafundishia watoto wao.

Tulikuwa kambini, kwenye shamba la mkonge karibu na Mazinde. Mume wangu Mhina alikata majani, mimi nilianika singa, nyuzi za mkonge, kwenye nyaya. Wengi wetu tulikuwa Wazigua kutoka Handeni na Washambaa walioshuka milimani kufuata kazi. Mzungu wa shamba alichoka kuona wanawake wanaanika na watoto mgongoni. Akatoa banda moja la zamani, akamwajiri Laurenti akae humo na wadogo wasiofikia umri wa shule. Kazi yake ilikuwa moja, wasisogelee korona, ile mashine ya kusaga majani iliyokwisha kula vidole vya watu wazima. Kuwafundisha herufi na hesabu lilikuwa wazo lake mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

Na kumfundisha mtoto wa miaka minne ni kuchota maji kwa pakacha. Akiandika ubaoni, huyu analala, yule anamng'ata mwenzake, mwingine anamlilia mama yake. Sisi tukipita na mizigo ya singa tunamcheka: "Mwalimu, leo umefuga mbuzi wangapi?"

Aliyemtia wazo la sanduku ni Chimanlal, Mhindi mwenye duka pale Mombo. Chimanlal alikuwa na ndugu yake London, na ndugu huyo alikuwa amemwandikia kwamba Malkia alipovikwa taji, watu walikaa majumbani mwao wakamtazama ndani ya sanduku, anatembea, anapunga mkono. "Sanduku lina kioo mbele, Mwalimu, na watu ndani yake wanasema. Watoto wa huko hawabanduki." Watu waliokuwa dukani walicheka, na mimi nikiwa mmojawapo. Laurenti hakucheka. Aliomba kasha tupu la majani ya chai, akalikata dirisha, akalitundikia pazia la amerikani, akaliweka juu ya meza. Yeye anapiga magoti nyuma yake, mikono juu, na vikaragosi vinatokea dirishani na kusema.

Vikaragosi vya kwanza alivishona kwa matambara, panya wakavila. Basi akaenda gulioni Korogwe, akamkuta Mzee Mntambo wa Sindeni, mchonga vinu na vigoda. Haya alinisimulia Laurenti mwenyewe baadaye. Alimwambia, "Mzee, nataka watu wadogo wa mti, wa kufundishia watoto." Mzee akamwuliza kama wazee wa kambini wanajua. Laurenti akajibu kwamba Mzungu mwenyewe anajua na amefurahi. Nadhani Mzee Mntambo alifikiri kwamba siku hizi hata jando limeingia mikononi mwa Wazungu, na akachonga kile ambacho mkono wake umezoea kuchonga.

Walikuwa mwanamume mwenye tumbo, mwanamke mwenye shingo ndefu, kobe, na nyoka wa vipande vilivyoungwa kwa kamba. Laurenti aliwapa kila mmoja herufi yake. Yule wa tumbo alikuwa Bwana A, akifungua kinywa watoto wote wanaitikia "aaa!" mpaka sisi kwenye nyaya tunasikia. Nyoka alikuwa wa hesabu. Alimeza kokoto moja moja, wao wanahesabu, akazitapika, wakahesabu tena. Banda lile la vilio likawa banda la kicheko.

Mwanangu Mbelwa alikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimezika wawili kabla yake, na yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, kifua chake kikilia filimbi kila mvua inaponyesha. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Lakini baada ya sanduku lile alikuwa akichora A kwenye majivu ya jikoni, na maharage hali mpaka ayahesabu, nami namgombeza huku moyoni nacheka. Nilifurahi mno. Mimi sijui kuandika hata jina langu, na mtoto wangu ananisomea majivu.

Siku moja mvua ya masika ilikatiza kazi, Mhina akaenda kumchukua mtoto bandani. Alirudi amembeba, na uso wake umekuwa kama jivu. Alimweka chini, akaniambia, "Mwanao ameonyeshwa."

Sikuhitaji kuuliza ameonyeshwa nini.

Jando silitukani. Kaka zangu wote walipita huko, wakarudi wamenenepa, na adabu zao. Lakini jando lina wakati wake: mavuno yamekwisha, baridi kavu imeingia, na mvulana ana akili ya kutunza kidonda na kutunza mdomo. Huko kumbini, kwenye kibanda cha porini wanakokaa mpaka wapone, wazee huwatoa watu wadogo wa mti chini ya nguo, kila mmoja na wimbo wake na fumbo lake. Mwanamke hawaoni, na mtoto asiyetahiriwa hawaoni. Akiwaona, amekwisha kuingizwa mlangoni, na lazima amaliziwe safari. Akiachwa hapo katikati, wanasema, ataharibika yeye na ukoo wake. Ndiyo maana mimi sikuwatambua. Ndiyo maana Laurenti naye hakuwatambua, maana misheni iliwakataza watoto wake kumbi, yeye alitahiriwa na mganga wa hospitali.

Bandani kulikuwa na wavulana watano wa kwetu. Wazee wa kambi walikaa siku nzima. Walipoinuka walikuwa wameamua kwamba watoto waende kumbini mara moja, katikati ya masika.

Wazee nao si mawe, walitoa njia. Laurenti alete mbuzi mweusi, apige magoti mbele yao, aape kwamba hajui nyimbo wala mafumbo, kwamba aliwaonyesha watoto vijiti tu, na avikabidhi hivyo vijiti. Hapo watoto wataoshwa kwa maji ya dawa na kurudi kwa mama zao. Nilimkimbilia Laurenti kabla hata sijajifunga kanga vizuri.

"Mbuzi nitatoa mimi," nikamwambia. "Wewe njoo tu upige magoti."

"Mama Mbelwa, mimi ni Mkristo. Nikishiriki dhabihu ya namna hiyo, mchungaji atanitenga na kanisa. Kanisa ndilo lililonilea, sina baba wala mama mwingine."

"Na mwanangu?"

"Nitamwandikia Bwana Shauri wa wilaya. Serikali itawazuia."

"Serikali iko mbali, Mwalimu. Ngariba yuko hapa."

Nikapiga magoti mimi. Aliniinua taratibu, kwa heshima kabisa, akasema ataniombea. Nilimchukia kwa upole ule. Angenifukuza ningejua namna ya kumtukana.

Kesho yake akaharibu kabisa. Alisimama mbele ya wazee, akawaeleza kwamba vile ni vipande vya mti, havina tofauti na mwiko, na kwamba dunia nzima sasa inafundisha watoto kwa sanduku. Alisema kweli yote aliyokuwa nayo. Mzee mkuu wa kumbi, nyakanga tunamwita, alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwuliza, "Na huo msalaba shingoni kwako, ni wa nini?" Laurenti akaushika. Wazee wakaingia bandani, wakawafunika wale watu wa mti kwa nguo, wakawachukua. Hakuna aliyezungumza tena habari za mbuzi.

Nikabakiwa na mtu mmoja, kaka yangu Kilimo wa Sindeni. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anaweza kufoka, lakini mjomba asiposema ndiyo, kisu hakigusi. Mhina mwenyewe, ambaye usiku alikuwa hali wala halali, ndiye aliyemtuma mtu kumwita. Nadhani naye alitaka mtu mwingine amsaidie kukataa.

Kilimo alikuja na matope mpaka magotini. Nilimchinjia kuku. Mbelwa alimpanda mapajani, akamshika mkono akamhesabia vidole, alipofika kumi akashangilia kana kwamba ni yeye aliyevitengeneza. Kilimo alicheka mpaka akajifuta macho. Nikasema moyoni, tumepona.

Baada ya kula alikaa akiitazama mvua mlangoni.

"Dada," akasema, "nikikataa mimi, halafu mmoja wa wale watoto akaugua, watasema ni kosa la nani?"

"Kifua chake, kaka. Msikilize anavyopumua."

"Nimekisikia."

"Basi ngoja hata kiangazi. Waambie mjomba wa mtoto anaomba kiangazi."

"Nimekwisha kuwaomba nilipokuwa njiani kuja hapa. Wamekataa. Sindeni nina watoto sita, Mwaija. Siku nikifa nani atakuja kunizika?" Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuwaambia ndiyo. Kuku alikuwa amemla mpaka mifupa.

Walichukuliwa asubuhi, kwa ngoma. Mbelwa hakulia, maana alimwona Kilimo mbele, akadhani wanakwenda matembezi.

Kazi ya mama ni kupika. Kila siku unapeleka bakuli la chakula pale njia inapogawanyika, unaliweka, unageuka. Mlezi wa kumbi analichukua, na jioni unalikuta pale pale. Huulizi neno. Bakuli likirudi tupu, mtoto anakula, na mtoto anayekula anapona. Hiyo ndiyo barua pekee wanayoandikiwa kina mama.

La kwangu lilirudi limerambwa. Nilishangaa, maana nyumbani Mbelwa alikuwa wa kubembelezwa kwa matonge matatu. Nikaongeza karanga. Nikaongeza dagaa, nikauza kanga yangu ya Idi nikanunua samli kwa Chimanlal. Kila jioni bakuli linang'aa. Wenzangu kwenye nyaya walinitania, "Mama Mbelwa, huko unalisha mtu au unalisha korona?" Nami najibu kwa maringo kwamba mwanangu kumbe ni mlaji, alikuwa anakosa hewa ya porini tu. Mvua haikukata hata siku moja. Bandani Laurenti alikuwa akiwafundisha wasichana kwa matambara yaliyobaki, nami nilikuwa napita mbali nisimsalimu. Barua yake kwa Bwana Shauri haikurudisha jibu.

Siku ya kutoka, kambi nzima ilisimama. Nilivaa kanga ya kuazima. Wakaja wamepakwa mafuta, wamevikwa shuka mpya nyeupe, vichwa chini kama inavyotakiwa, ngoma mbele. Nikamtafuta mfupi kuliko wote. Nikatazama tena, labda mtu kambeba.

Nyakanga alitoka katikati ya watu, akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Alikuwa amelishika bakuli langu. Akaliweka miguuni pangu, limepinduliwa kinywa chini.

Kwetu mtoto akifia kumbini huzikwa huko huko na haliliwi. Kilio huharibu vidonda vya wenzake. Mama haambiwi mpaka hao wengine watoke salama, na mpaka siku hiyo anaachwa apike. Kila mwanamke anayajua mambo haya, na kila mwanamke anapopeleka bakuli hujikataza kuyafikiria. Bakuli likipinduliwa miguuni pako ndiyo umeambiwa.

"Lini?" nikauliza.

"Hakumaliza wiki. Kifua."

Mhina alikuwa amekaa chini kwenye matope. Kilimo sikumwona.

"Na chakula changu, mzee? Nani alikuwa anakula?"

Alinitazama bila ubaya wowote. "Wenzake, mama. Walikuwa wanakisubiri kuliko vyote."

Nikasema ahsante, kwa sababu ndivyo mama anavyotakiwa kujibu, na wanawake wakaendelea na vigelegele vyao.