Mikono ya Kushoto

Shwa-shwa, shwa-shwa. Hakujapambazuka, na tayari brashi ilikuwa ikisugua kiatu barazani. Bi Mkufunzi akajua mumewe amemtangulia kuamka tena.

"Lala, mzee. Viatu vyangu nitavipiga rangi mwenyewe."

"Unakwenda kwa mwanao mpendwa, uende na vumbi? Watasema mumeo hana kazi."

"Na kweli huna."

Wakacheka. Lakini mzee aliujua uzito wa safari ile. Mkewe alikuwa amefundisha, akaongoza shule, na sasa kazi yake ilikuwa kuwanoa walimu walio kazini. Kabla ya kustaafu alitakiwa achague shule moja ambako walimu wa shule nyingine wangekwenda kujifunza. Moyo wake ulikwisha kuiegemea shule ya mwalimu ambaye yeye mwenyewe alimlea kikazi tangu akitetemeka na chaki mkononi, na ambaye leo ni Mwalimu Mkuu.

Alipofika, harufu ya rangi mbichi ilimpokea kabla ya watu. Mwalimu Mkuu alimpokea mkoba, akamfutia kiti kwa leso yake mwenyewe. Uungwana huo alikuwa nao tangu zamani.

"Karibu, Mama. Leo utaona watoto, si mchezo."

Wakaketi nyuma ya darasa. Mbele alisimama mwalimu wa hesabu, binti mwembamba, mgeni kazini, akijifuta viganja kwenye sketi.

"Nusu ukiongeza robo, unapata nini?"

Mikono yote ikaruka juu. Darasa zima! Bi Mkufunzi akatabasamu. Aliyeteuliwa akajibu sawasawa. Likaja swali jingine, mikono yote tena. Na jingine. Hapo tabasamu likaanza kumkauka. Wengine walinyoosha mkono wa kulia, wengine wa kushoto, na wa kushoto hakuteuliwa hata mmoja.

Akainuka, akamwinamia msichana wa dawati la mwisho, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa ungali hewani.

"Mjukuu wangu, jibu ni nini?"

Msichana akamshangaa. "Bibi, mimi siulizwi. Mimi wa kushoto. Wa kushoto ndio tusiojua."

Kinyaa kikampanda Bi Mkufunzi hadi kooni, kama mtu aliyekunywa maji gizani akahisi kitu kinatambaa ulimini. Uongo wenyewe haukumchefua sana. Wageni hudanganywa kila siku. Kilichomchefua ni jinsi mtoto alivyosema bila uchungu, kama anayetaja jina lake.

Akamwita Mwalimu Mkuu nje.

"Uchafu gani huu?"

"Mama, usinikasirikie. Kila shule inafanya. Wageni wanapenda mikono juu."

"Ulipokuwa hujui, nilikwambia unyooshe wa kushoto?"

Mwalimu Mkuu akaanza kuikunja leso yake.

"Nilikaa nyuma ya darasa lako muhula mzima. Ukikosea, natabasamu usife moyo. Nawe unawafundisha watoto kujificha huku wamenyoosha mkono!"

"Kwa hiyo hutuchagui?"

"Walimu waje kujifunza hili? Tumbo langu linakataa, mwanangu."

Mwalimu Mkuu akamnyooshea mkono wa kuagana. Bi Mkufunzi aliutazama, akakumbatia mkoba wake. Hakuwa amewahi kumnyima mtu mkono, lakini ule hakuweza kuushika.

Alipopita dirishani alisikia karatasi ikichanwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa amepiga magoti penye dawati la mwisho.

"Hii nusu, sawa? Sasa ile nusu nyingine naichana tena. Kipande hiki tukiiteje?"

"Robo?" msichana aliuliza kwa woga.

"Haya, kiweke kando ya nusu. Tuone pamoja, taratibu."

Bi Mkufunzi alisimama pale mpaka msichana akacheka. Ladha mbaya haikumtoka mdomoni, ila ilipungua.

Yule binti mwalimu alimkimbilia akamkuta langoni, chaki ingali vidoleni.

"Mama, niliagizwa, lakini mikono ile niliipanga mimi. Najionea kinyaa."

"Kinyaa hicho kishike, usikitapike. Na yale magoti nimeyaona, mwanangu. Nani alikufundisha kushuka mpaka kwa mtoto?"

"Hakuna. Shingo yake ilikuwa inamuuma kunitazama."

Bi Mkufunzi akamshika mkono, chaki ikamchafua, akaiacha.

"Rudi tena, Mama," binti alisema. "Usituarifu mapema. Njoo siku ambayo hatujui kitu."