Sufuria Zisizo na Somo

Jana usiku niliota harusi ya dada yangu Saumu, chakula kinapikwa na programu. Kila sufuria ni kifurushi kimoja cha programu, na mimi ndiye niliyevijenga vyote.

Shangazi Hadia anakuja mbio. "We Mbwana! Wageni wa bwana harusi wako getini, pilau inaiva punje moja moja! Tutachekwa mpaka Tanga!"

Nachungulia. Kweli. Punje moja inaiva, inatoka, inaingia nyingine. Nikajua sijawasha nyuzi, ile swichi inayofanya programu ifanye kazi nyingi kwa mpigo. Natoa simu, naandika: washa NYUZI.

"Abee!" ikaitika sufuria ya pilau. Nyuzi zikashuka kutoka darini, kila uzi na mwiko wake. Pilau ikaiva hapo hapo.

Sufuria ya nyama bado baridi.

"We vipi?"

"Hujaniita. Swichi yangu inaitwa MIKONO."

Ya mbaazi ikadakia: "Na yangu SAMBAMBA."

"Si kitu kilekile?"

"Kilekile."

"Sasa?"

"Sasa niite."

Nageuka. Nyuma yao kuna sufuria nyingine, zimepangwa mpaka kwa jirani, kila moja na jina lake. Geti linagongwa. Nitaandika mpaka lini?

Sasa tuko uwanja wa mpira. Sufuria zimejaa jukwaani. Nimeshika kipaza sauti, ni kiazi.

"Jamani, tukubaliane jina moja! NYUZI!"

Zikanizomea. Ya nyama inalia: "Jina langu nilipewa na bibi!"

Shangazi akaninyang'anya kiazi. "Haya, nani hapa ana somo?"

Sufuria zikatazamana.

"Hata mmoja? Mtu wa jina lako, mkikutana mnakumbatiana, sikukuu anakuletea kanga? Hamna? Maskini!"

Sufuria ya nyama ikafuta machozi kwa kifuniko. Ikaigeukia ya pilau kwa aibu. "Mimi nikiitwa NYUZI... utakuwa somo yangu?"

"Tangu sasa hivi, somo!"

Uwanja ukalipuka wallahi! "Somo! Somo!" Vifuniko vinagongana, vigelegele, mvuke mpaka mawinguni. Nikaandika neno moja tu. Nyuzi zikashuka kama mvua, sufuria zote zikaitika.

Geti likafunguliwa. Wageni wakakuta masinia yamejaa, na mama mkwe wa Saumu akaomba aongezewe.

Nikaamka nacheka. Simu imezima. Nachomeka chaja, haiingii. Nikachokoa tundu kwa pini.

Ikatoka karafuu.