Mlango wa Meneja wa Magodoro

Haya, sogea karibu nikutegee: uko wazi kutwa, hauna bawabu wala mbwa, watu wanaupita makundi kwa makundi, lakini hakuna anayeingia. Ni nini? Kaburi? Ala, mwana wee, kaburini si watu wanaingia kila siku! Usinipe mji kwanza. Nisikilize, maana hata mwanamke ninayesimulia habari zake, jambo hili lilimkaa kichwani mpaka likamnyima raha.

Kiwandani walimwita Maswali. Alishona makava ya magodoro katika kampuni kubwa hasa, ya zile ambazo ukizoea lango la mbele hulijui la nyuma. Kuuliza kulikuwa ugonjwa wake. Zipu hizi zinatoka wapi? Nani alichagua maua haya yanayofanana na upele? Wenzake walicheka, cherehani zikanguruma, siku zikaenda.

Swali moja tu lilikosa wa kulijibu. Kwenye ujia wa kuelekea bwaloni palikuwa na ofisi ya meneja, na mlango wake haukufungwa asubuhi wala jioni. Wafanyakazi wakiukaribia, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Vichwa chini, mwendo wa kunyata, wenye viatu vya mlio wakikanyagia vidole. Wakishavuka salama, umbea uliendelea pale pale ulipoishia. Hata fundi seremala wa kiwanda, mwanamume wa miraba minne, Maswali alimwona siku moja akija na mfuko wake wa zana, akafika kwenye kona, akasita, akarudi alikotoka.

"Hivi ule mlango mbona haufungwi?" alimuuliza jirani yake wa cherehani, mwanamke mwenye ulimi mkali waliyemwita Pilipili.

"Ili atusikie tunavyomsengenya. Wengine wanasema ni mtego. Ukiingia tu, kwisha habari yako."

"Nani aliingia akanaswa?"

"Sasa shoga, nani ataingia na anajua ni mtego?"

Na kila mkutano afisa utumishi alisimama, akatanua mikono: "Mlango wa meneja uko wazi kwa kila mmoja wenu!" Watu wakapiga makofi, kisha wakazunguka nyuma ya jengo wasije wakaupita.

Basi siku moja supavaiza akatangaza kwamba washonaji wote wanahamia zamu ya alfajiri. Mama yake Maswali alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na kila kukipambazuka lazima atiwe dawa ya matone. Mikono ya bibi huyo ilitetemeka, hakuweza kujitilia, na nyumbani waliishi wawili tu. Maswali angebaki na kazi, au angeliokoa jicho la mama. Vyote viwili visingewezekana.

"Hilo si langu, dada," supavaiza alimwambia. "Ni la kule." Akaelekeza kwa kidevu, maana hata kidole hakuthubutu.

"Usiende," Pilipili akamshika mkono. "Utarudi umebeba vitu vyako kwenye mfuko."

"Nisipokwenda nitavibeba vile vile."

Akaenda. Mbele ya mlango akainua mkono abishe hodi, akaushangaa mkono wake. Atagonga nini, hewa? Akagonga ukuta, akaingia.

Alitarajia simba. Alimkuta mwanamume mfupi amevaa sweta mbili, kikombe cha chai kakikumbatia kwa viganja. Makaratasi mezani yalikuwa yamekandamizwa kwa vikombe, mkasi na kiatu kimoja, kwani upepo wa ujia ulikuwa ukijipitia humo kama kwake. Maneno aliyoyapanga yakamruka Maswali, likatoka swali lile la siku zote.

"Samahani bosi, mlango huu mbona haufungwi?"

Meneja akapaliwa na chai. "Umetumwa?"

"Nimejileta."

"Umejileta mwenyewe? Kaa, mama, kaa!" Akapangusa kiti kwa mkono wa sweta, vumbi lake lingetosha kupandia mchicha.

Maswali akaeleza habari ya mama, jicho na matone. Meneja akamsikiliza mpaka mwisho, akainua simu, akamwambia supavaiza kwamba mama huyu atabaki zamu ya mchana mpaka daktari aridhike. Basi. Halikuchukua hata muda wa chai kupoa.

"Kuna wengine wenye shida kama yako?"

"Tele, bosi."

"Sasa mbona hawaji? Mimi nikajua huko chini ni raha tupu! Mlango si uko wazi?"

"Ndio huo huo unaowatisha. Wanasema umewatega."

Meneja akabaki mdomo wazi kuliko mlango wenyewe. Maswali akashukuru, akainuka, lakini kizingitini miguu ikamgomea.

"Bosi, swali langu bado hujalijibu."

Nje, watu walikuwa wakipita kwa kunyata. Meneja akajikunyata ndani ya sweta zake, akashusha sauti kama mtu anayetaja aibu ya nyumbani.

"Kitasa kibovu, mama. Nikiurudisha, unafunguka wenyewe. Tangu nihamie humu namwita yule fundi seremala. Kila nikimpigia simu anasema yuko njiani, wala simwoni. Hebu ukikutana naye huko, mwambie nakufa na baridi."